Video Inayokwama-kwama Kwenye Kompyuta ya Linux: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mtu ambaye video zinamkwamia kwenye kompyuta ya Linux mara nyingi huwa ameshajaribu mambo makubwa kabla ya madogo. Amebadilisha draiva ya kadi ya michoro, amehamia toleo jingine la Linux, au amefuta mfumo mzima na kuusakinisha upya, na bado picha inaruka vilevile. Juhudi hizo hupotea kwa sababu hitilafu nyingi zisizohusiana huonekana namna moja machoni, na anayerekebisha bila kujua ni ipi anakisia tu.

Kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video, hupita katika hatua nne kabla ya kuonekana. Kwanza husomwa kutoka kwenye diski au mtandao, kisha husimbuliwa (hufunguliwa kutoka umbo lake lililobanwa) na kichakataji au kadi ya michoro, halafu huchorwa kwenye skrini, na wakati wote huo hulinganishwa na sauti ili midomo na maneno viende pamoja. Video ya fremu 30 kwa sekunde huipa kila fremu milisekunde 33.3 kumaliza safari hiyo, na ile ya fremu 60 huipa milisekunde 16.7 tu. Hatua yoyote ikichelewa, fremu hutupwa na wewe unaona picha imeshtuka. Kazi ya kwanza, basi, ni kuijua hatua inayochelewa, na kazi hiyo haihitaji kubadilisha kitu chochote kwenye mfumo.

Vipimo viwili vya kuanzia

Sakinisha zana chache zitakazotumika katika mwongozo huu. Kwenye Ubuntu, Debian na Linux Mint amri ni hii:

`sudo apt install mpv ffmpeg vainfo htop lm-sensors mesa-utils`

Kwenye Fedora vifurushi ni vilevile kwa sehemu kubwa, ila vainfo imo ndani ya libva-utils, glxinfo imo ndani ya glx-utils, na lm_sensors huandikwa kwa kistari cha chini.

Chagua faili moja la video lililokusumbua, ulinakili kwenye folda yako ya nyumbani ili mtandao na diski ya nje visiingie katika kesi, kisha ulifungue kwa mpv na ubonyeze Shift pamoja na herufi I. Maandishi madogo yatatokea juu ya picha na kubaki hapo. Mstari wa Dropped Frames ndio unaohesabu fremu zilizotupwa. Usipoonekana kabisa, au hesabu yake ikibaki sifuri kwa dakika nzima, basi hakuna fremu iliyopotea, na unachokiona kina chanzo kingine.

Kipimo cha pili huondoa skrini na sauti katika hesabu na kuacha kazi ya kusimbua peke yake:

`ffmpeg -i faili.mp4 -map 0:v:0 -f null -`

Tazama mwisho wa mstari unaobadilika-badilika, palipoandikwa speed. Ukisomeka `speed=6x`, kichakataji kinasimbua sekunde sita za video kwa kila sekunde moja ya saa, na hakina tatizo. Ukisomeka `speed=0.9x`, hakuna marekebisho ya skrini wala ya sauti yatakayokusaidia, kwa kuwa kichakataji chenyewe hakiwahi. Kasi iliyo kati ya 1x na 2x nayo ni ya kutiliwa shaka, kwa sababu video halisi ina sehemu nzito na nyepesi, na ile sehemu nzito ndiyo itakayokwama.

Kasi ikiwa ndogo, anza na sehemu ya kichakataji kilichoelemewa. Kasi ikiwa kubwa lakini mpv inatupa fremu, chunguza draiva ya michoro, ambayo imeelezwa katika sehemu hiyohiyo. Vipimo vyote viwili vikiwa vizuri na tatizo likabaki kwenye tovuti tu, endelea na dalili inayofuata.

Dalili: video za kwenye kivinjari zinakwama, faili lililo kwenye diski linacheza vizuri

Hapa watuhumiwa ni wawili, mtandao na kodeki (njia iliyotumika kuibana video), na YouTube yenyewe hukupa njia ya kuwatenganisha. Bofya kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, kisha utazame mistari mitatu. Buffer Health huonyesha ni sekunde ngapi za video zimeshapakuliwa na zinasubiri kuchezwa. Frames huonyesha idadi ya fremu zilizotupwa. Codecs huonyesha kodeki, na huanza na av01 (AV1), vp09 (VP9) au avc1 (H.264).

Buffer Health ikishuka hadi karibu na sifuri kila video inapokwama, chanzo ni mtandao. Punguza ubora hadi 480p uone kama hali inatulia. Kama unatumia Wi-Fi, ijaribu kompyuta kwa waya wa mtandao, au ukae karibu na ruta, kisha uangalie nguvu ya mawimbi kwa `iw dev wlan0 link`, ukiweka jina halisi la kadi yako mahali pa wlan0. Kipimo kilicho chini ya -75 dBm ni dhaifu kwa video. Kuna jambo moja ambalo Linux huchangia yenyewe, nalo ni hali ya kuokoa umeme ya kadi ya Wi-Fi. Izime kwa muda kwa amri `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, na ikisaidia, uifanye ya kudumu kwa kuandika `wifi.powersave = 2` chini ya kichwa `[connection]` katika faili lililo ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/`. Spika au visikizi vya Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo Wi-Fi nyingi pia huyatumia, kwa hiyo kuhamia Wi-Fi ya 5 GHz kunaweza kuondoa msongamano huo bila gharama.

Buffer Health ikibaki sekunde 20 au zaidi huku fremu zilizotupwa zikiongezeka, mtandao hauna kosa. Kompyuta imeshapokea video yote inayoihitaji na inashindwa kuisimbua. Hili ndilo tatizo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote kwa wasomaji wetu, kwa sababu kompyuta mpakato zilizotumika maofisini Ulaya na kuuzwa tena Kariakoo au Nairobi mara nyingi ni za Intel ya kizazi cha 4 hadi cha 8, na vizazi hivyo havikujengewa uwezo uleule. Kizazi cha 4 husimbua H.264 kwa kadi yake ya michoro lakini si HEVC, kodeki iliyoifuata. Kizazi cha 6 kiliongeza HEVC ya biti 8. Kizazi cha 7 kikaongeza HEVC ya biti 10 na VP9, na AV1 haikufika hadi kizazi cha 11. Kizazi chako utakijua kwa `lscpu | grep "Model name"`: i5-4300U ni cha 4, na i5-8250U ni cha 8.

Sasa linganisha na ule mstari wa Codecs. Ukiona av01 kwenye kompyuta ya kizazi cha 8, kichakataji kinafanya peke yake kazi ambayo kadi ya michoro haiwezi kuisaidia. Kwenye Firefox fungua about:config, tafuta `media.av1.enabled` na uiweke false. YouTube itarudi kwenye VP9. Kwenye kizazi cha 4 au cha 6 hata VP9 ni mzigo, na dawa ni kiongezi cha kivinjari kiitwacho enhanced-h264ify, ambacho huilazimisha YouTube itume H.264. Gharama yake ni kwamba YouTube haitoi H.264 zaidi ya 1080p, jambo ambalo mwenye skrini ya 1366 kwa 768 hatalihisi hata kidogo. Kuchagua video ya fremu 30 badala ya 60 nako hupunguza kazi kwa nusu.

Kodeki ikiwa ni ile inayowezekana na bado kivinjari kinakwama, hakikisha kwamba kivinjari kinaitumia kadi ya michoro kweli. Firefox ilianza kuwasha usimbuaji wa kadi yenyewe kwa Intel kwenye Linux katika toleo la 115 la mwaka 2023, na kwa AMD katika toleo la 136 la mwaka 2025, kwa hiyo toleo la zamani linaweza kuwa ndilo chanzo. Fungua about:support na utafute Compositing. Ikisomeka WebRender (Software), Firefox inachora kila kitu kwa kichakataji, na tatizo liko kwenye draiva, si kwenye video. Kwa Chromium na jamii yake, ukurasa wa kutazama ni chrome://gpu, mstari wa Video Decode. Mara chache Firefox iliyofungashwa kama Snap au Flatpak hushindwa kuiona draiva ya video ambayo mfumo unayo, na njia ya haraka ya kulithibitisha hilo ni kupakua Firefox ya kawaida kutoka Mozilla na kuicheza video ileile.

Dalili: kila video inakwama, na kichakataji kimeelemewa

Cheza video huku htop ikiwa imefunguliwa pembeni. Viini vyote vikiwa karibu na asilimia 100, fuata vyanzo hivi kwa mpangilio wake.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba usimbuaji wa kadi haujawashwa. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba mpv yenyewe huanza ikiwa imeuzima. Bonyeza Ctrl pamoja na h wakati video inacheza, kisha utazame maandishi ya Shift+I. Likitokea neno vaapi au nvdec na mzigo wa htop ukashuka, umemaliza. Ili uudumishe, andika mstari `hwdec=auto-safe` katika faili `~/.config/mpv/mpv.conf`. Kwenye VLC mpangilio huo umo katika mapendeleo, sehemu ya Input/Codecs.

Bonyezo hilo lisipobadilisha kitu, endesha `vainfo`. Jibu zuri ni orodha ya mistari kama `VAProfileH264High : VAEntrypointVLD`. Kila mstari wenye VLD ni kodeki ambayo kadi yako inaweza kuisimbua, na mistari yenye Enc ni ya kurekodi, haikuhusu hapa. Vainfo ikitoa kosa badala ya orodha, draiva ya video haipo au si ile inayotakiwa. Intel ya kizazi cha 5 na kuendelea hutumia intel-media-va-driver, na iliyotangulia hutumia i965-va-driver. Kwa AMD kifurushi ni mesa-va-drivers. Watumiaji wa Fedora wana jambo la ziada: tangu Fedora 37 usimbuaji wa H.264 na HEVC kwa kadi za AMD uliondolewa kwenye Mesa yake kwa sababu za kisheria za hataza. Atakayetaka kuurudisha huwasha hazina ya RPM Fusion kisha huendesha `sudo dnf swap mesa-va-drivers mesa-va-drivers-freeworld`. Kompyuta yenyewe huwa nzima kabisa, na mwenye nayo huhangaika kwa sababu tu hakuna ujumbe wowote unaomwambia.

Vainfo ikiorodhesha kodeki nyingi lakini si ile ya faili lako, umefika ukingoni mwa uwezo wa kadi. Hapo hakuna draiva ya kutafuta. Ama unabadilisha faili kama ilivyoelezwa chini, ama unakipunguzia kichakataji kazi kwa kucheza na `mpv --profile=fast`, ambayo hupunguza ukamilifu wa picha kidogo ili kuokoa muda.

Chanzo cha tatu hutokea mara chache kuliko hivyo viwili lakini madhara yake ni makubwa zaidi, kwa kuwa hufanya hata kusogeza dirisha kuwa kuzito. Endesha `glxinfo -B` na usome jina la kifaa kinachochora. Ukiona llvmpipe, kadi ya michoro haitumiki kabisa. Tazama kwanza `cat /proc/cmdline`, na humo utafute neno nomodeset. Neno hilo huwekwa wakati wa kusakinisha pale skrini inapokuwa nyeusi, na mara nyingi husahaulika humo kwa miaka. Kabla ya kuliondoa, nakili faili `/etc/default/grub` mahali pengine, na ujue njia ya kurudi: skrini ikiwa nyeusi baada ya kuwasha upya, kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka) bonyeza herufi e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha uendelee kuwasha kwa Ctrl+X. Ukiwa tayari, futa neno hilo katika faili, endesha `sudo update-grub`, na uwashe upya. Kwenye Fedora amri ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="nomodeset"`.

Kwa wenye kadi za NVIDIA, `lspci -k` huonyesha draiva inayotumika. Kadi za GTX 900 na GTX 1000 zikiendeshwa na draiva huria ya nouveau hubaki kwenye kasi ndogo ya kuwashia, na hakuna mpangilio utakaozipandisha. Zinahitaji draiva ya NVIDIA. Kwenye Ubuntu tumia `sudo ubuntu-drivers install`, ambayo huchagua toleo linaloifaa kadi. Ninasihi mtu asipakue faili la .run kutoka tovuti ya mtengenezaji na kulilazimisha juu ya vifurushi vya mfumo, kwa sababu kerneli (kiini cha Linux) ikisasishwa draiva hiyo inaweza kuacha kufanya kazi, na ndipo mtu hujikuta na skrini nyeusi siku ya kazi.

Ndani ya kompyuta pepe kama VirtualBox, usimbuaji wa kadi kwa kawaida haupo. Cheza video kwenye mfumo mwenyeji.

Dalili: inaanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa inakwama

Hili ni joto mpaka ithibitike vinginevyo. Fungua terminali mbili. Katika moja endesha `watch -n1 sensors`, na katika nyingine `watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`, kisha ucheze video nzito. Nyuzijoto zikipanda hadi 90 au zaidi na wakati huohuo MHz zikaanguka, kwa mfano kutoka 2600 hadi 1200, kichakataji kinajikinga kisiungue, na video inalipa gharama hiyo.

Anza kwa kuiondoa kompyuta juu ya godoro au mto, kwa maana matundu ya hewa mengi yako chini. Sikiliza kama feni inazunguka. Kama inazunguka lakini hewa inayotoka ni haba, vumbi limeziba vyuma vya kupoozea. Linaweza kupulizwa kwa hewa ya kopo ukiwa umezima kompyuta na kuzuia feni isizunguke. Mashine ya upepo ya gereji ina nguvu kupita kiasi na hurusha matone ya maji, isitumike.

Simama hapa kama feni haizunguki, inakwaruza, au kama pesti iliyo kati ya kichakataji na chuma cha kupoozea inahitaji kubadilishwa na hujawahi kuifungua kompyuta ya aina hiyo. Mpe fundi. Na kama kifuniko cha chini kimevimba, kibodi imeinuka, au kipanya cha kugusa hakibonyezeki tena, betri imejaa gesi: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala usiitoboe, na usiichaji tena hadi fundi aitoe. Video isiwe ndiyo hoja tena.

Kuna hali inayofanana na hiyo ila bila joto. MHz zinakaa chini, labda 800 au pungufu, tangu mwanzo, na kompyuta ni baridi. Tazama kwanza kama hali ya kuokoa umeme imewashwa: `powerprofilesctl get` ikijibu power-saver, iweke balanced. Usiogope ukiona neno powersave kama kidhibiti cha kasi kwenye kichakataji cha Intel, kwa kuwa chini ya intel_pstate neno hilo ndilo hali ya kawaida na kasi bado hupanda kazi inapokuja. Kama hali ya umeme ni sawa, chomoa chaja na ucheze video kwa betri. Ikiwa MHz zinapanda mara moja na video inatulia, chaja ndiyo chanzo. Kompyuta mpakato nyingi za kiofisi huitambua chaja kwa pini ya katikati, na zisipoitambua, ama kwa kuwa si ya asili, ama kwa kuwa waya wake umekatika ndani, hushikilia kichakataji kwenye kasi ya chini kabisa. Dalili hii imewafanya watu wengi wabadilishe mfumo wa uendeshaji ilhali walihitaji chaja yenye wati zinazotakiwa.

Dalili: inacheza vizuri, inaganda ghafla, kisha inaendelea

Mgando wa sekunde moja au kadhaa unaojirudia una chanzo tofauti na mikwamo midogo ya kila mara. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni RAM kujaa. Endesha `vmstat 1` na utazame safu za si na so. Tarakimu zikiendelea kutokea humo video inapoganda, kompyuta inahamisha kumbukumbu kwenda na kurudi kwenye diski. Kwa RAM ya GB 4, vichupo kadhaa vya kivinjari vinatosha kuleta hali hiyo. Funga visivyohitajika, washa zram (ambayo hubana sehemu ya kumbukumbu ndani ya RAM badala ya kuipeleka kwenye diski), na ukiweza ongeza RAM. Kipande cha pili cha RAM huwa na faida mbili kwa kompyuta isiyo na kadi ya michoro ya peke yake, kwa sababu kadi ya ndani huazima RAM hiyohiyo, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitia.

Baada ya RAM, tafuta kazi za chinichini. Katika htop panga kwa CPU na uone kinachojitokeza video inapoganda: tracker-miner au localsearch kwenye GNOME na baloo kwenye KDE huorodhesha mafaili, na apt au snapd huweza kuwa inasasisha. Kazi hizi huisha zenyewe. Mara nyingi kusubiri kunatosha, hasa kwenye mfumo uliosakinishwa jana.

Cha tatu ni diski, na hapa tahadhari ni kubwa. Filamu ya 1080p yenye kasi ya megabiti 8 kwa sekunde huhitaji megabaiti 1 tu kwa sekunde, kiasi ambacho hata diski ya zamani ya kuzunguka hukitoa bila shida. Kwa hiyo diski inayoshindwa kulisha video huenda ni mgonjwa. Endesha `sudo dmesg -w` huku video ikicheza. Yakitokea maneno I/O error kila picha inapoganda, acha kucheza, acha kujaribu marekebisho, na unakili kwanza picha, kazi za shule na kila usichoweza kukipata tena kwenda diski nyingine. Baada ya hapo ndipo utazame `sudo smartctl -a /dev/sda`: hesabu ya Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct inayoongezeka ni diski ya kubadilishwa, ilhali UDMA_CRC_Error_Count inayoongezeka huelekeza kwenye kebo. Usiendeshe fsck (amri ya kurekebisha mpangilio wa mafaili) kwenye diski inayotoa makosa hayo kabla ya kuokoa data, na kama inagonga kwa sauti, usiiwashe tena; mpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Faili likiwa kwenye diski ya nje au flashi tu, linakili kwenye diski ya ndani. Likicheza vizuri huko, badilisha kebo au tundu la USB.

Dalili: sauti inakatika pamoja na picha

Programu nyingi za video huifuata saa ya sauti, hivyo sauti ikisita picha husita nayo. Kipimo ni kimoja: `mpv --ao=null faili.mp4`. Picha ikitulia bila sauti, usiguse draiva ya michoro. Kama unatumia Bluetooth, jaribu spika za ndani au waya. Kisha anzisha upya huduma za sauti:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Kwa uchunguzi wa ndani zaidi, `pw-top` ina safu ya ERR. Inayoongezeka kila sauti inapokatika huonyesha kifaa au programu inayochelewa.

Dalili: hakuna fremu inayopotea, lakini picha haitiririki au inapasuka kwa mlalo

Mstari wa mlalo unaokata picha wakati kamera inapopita ni picha kuchorwa katikati ya mzunguko wa skrini. Kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, hili ni la kawaida; kwenye ukurasa wa kuingilia chagua Wayland, mfumo mpya zaidi, na mara nyingi litakwisha. Kama lazima ubaki X11 na una AMD, jaribu `xrandr --output HDMI-A-0 --set TearFree on` kwa jina la tundu lako.

Mtikisiko mdogo unaojirudia sawasawa, unaoonekana zaidi maandishi yanapopita, ni hesabu tu. Filamu za sinema zina fremu 24 kwa sekunde, na vipindi vingi vya televisheni vilivyotengenezwa kwa mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya na Tanzania, vina 25. Skrini ya 60 Hz haigawanyiki kwa 24 wala kwa 25, kwa hiyo fremu nyingine hukaa mizunguko miwili na nyingine mitatu. Kama skrini au televisheni yako inakubali 50 Hz, ichague kwa video za fremu 25 katika mipangilio ya skrini. Vinginevyo, `mpv --video-sync=display-resample --interpolation` hulainisha tofauti hiyo kwa kuiongezea kadi kazi kidogo.

Dalili: faili moja tu ndilo linalokwama

Lichunguze kwa `ffprobe faili.mkv`. Ukiona `h264 (High 10)`, hiyo ni H.264 ya biti 10, ambayo karibu kadi zote za kawaida za kompyuta haziisimbui, hata zile mpya zinazomudu 4K. HEVC ya biti 10 huandikwa `hevc (Main 10)`. Simu nyingi pia hurekodi HEVC ya 4K bila mwenye nayo kujua, na jambo jepesi ni kuiweka kamera kwenye 1080p na H.264 kabla ya harusi, si baada yake.

Ili kujua kama faili limeharibika, endesha `ffmpeg -v error -i faili.mkv -f null -`. Ikikaa kimya hadi mwisho, faili ni zima. Ikitoa makosa mengi, lipakue au ulinakili upya. Faili zima lililo zito kwa kompyuta yako linaweza kugeuzwa hivi:

`ffmpeg -i faili.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -preset fast -c:a copy jipya.mkv`

Ugeuzaji wa filamu nzima kwenye kompyuta ya kizazi cha 4 unaweza kuchukua muda mrefu kuliko filamu yenyewe na huipasha joto kweli, kwa hiyo uanze jioni, kompyuta ikiwa juu ya meza na chaja ikiwa imeingia, na usifute faili la asili kabla hujalitazama jipya mwanzo, katikati na mwisho.

Ukifika kwa fundi au kuomba msaada

Ukishapita hatua hizi zote bila nafuu, mpelekee anayekusaidia vitu vinavyoweza kusomwa badala ya maelezo kwamba video inasumbua: matokeo ya `lscpu`, `lspci -k`, `vainfo`, `glxinfo -B` na `uname -r`, ile kasi ya ffmpeg, picha ya skrini ya Shift+I wakati fremu zinapotea, na kama tatizo lilianza baada ya kusasisha mfumo, tarehe yake. Kwa lile la mwisho kuna jaribio moja la kufanya kabla ya kutoka nyumbani. Kwenye menyu ya GRUB chagua Advanced options na uwashe kwa kerneli iliyotangulia. Video ikitulia huko, endelea kuitumia hadi sasisho jingine litoke, na umweleze fundi namba za kerneli zote mbili.